Bundi wawili wadogo wa Malindi: jinsi ya kumjua bundi wa Sokoke bila kumchanganya na bundi wa nyika

Kosa langu la kwanza lilikuwa la macho. Nilisimama nusu saa chini ya mrihi mmoja ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, nikimpiga picha bundi wa kijivu aliyekaribia kuenea kiganjani, huku nimeshawatangazia jamaa kwenye WhatsApp kwamba leo nimempata bundi wa Sokoke. Mzee aliyekuwa akinitembeza hakusema neno. Alinisubiri nimalize, kisha akachimbua mchanga kidogo kwa ncha ya kiatu.

"Huu una rangi gani, mwanangu?"

"Mweupe."

"Basi si yeye."

Akageuka akarudi zake kwenye gari, na mimi nikabaki na picha arubaini za ndege ambaye ningeweza kumsikia nyuma ya nyumba yetu. Tangu siku hiyo nimejifunza kuwatafuta bundi hawa kwa kuanzia chini kwenda juu: kwanza udongo, kisha mti, kisha sauti, na macho ndiyo ya mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume, na ndiyo maana mitandaoni kumejaa picha za bundi wa Sokoke ambao si bundi wa Sokoke.

Tuanze na majina

Kiswahili kinatupa neno bundi, na wakongwe wa pwani wana babewatoto, yule wa kuwatishia watoto wasiotaka kulala. Maneno yote mawili ni mapana. Ukimwambia mtu wa Malindi "bundi", anamfikiria yule mkubwa mwenye uso mweupe anayekaa darini na kukoroma usiku. Hawa ninaowazungumzia ni wengine. Ni wadogo mno, urefu wa sentimita 16 hadi 18 hivi, na wote wawili ni wa jenasi moja, *Otus*: wana vishungi viwili kichwani kama masikio, macho ya manjano, na manyoya yaliyochorwa mfano wa gome la mti.

Wa kwanza ni *Otus ireneae*, ambaye hapa nitamwita bundi wa Sokoke. Wanasayansi walimjua juzi tu, Mmarekani S. Dillon Ripley ndiye aliyemwandika rasmi mwaka 1966. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba duniani kote yuko Arabuko-Sokoke peke yake. Mwaka 1992 akagunduliwa pia kwenye misitu ya chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, na hapa kwetu amepatikana Dakatcha, kaskazini ya Malindi. Basi. Kwingine hajulikani, naye yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Wa pili ni *Otus senegalensis*, nitakayemwita bundi wa nyika. Jina la Senegali lisikupoteze. Huyu ameenea karibu Afrika yote kusini ya Sahara, popote penye miti mikavu yenye nafasi. Hana hatari yoyote ya kutoweka.

Kuna jamaa yao wa tatu, bundi wa Pemba, lakini huyo hatoki kisiwani kwake, kwa hiyo huku bara usimwaze.

Hatua ya kwanza: soma udongo, kisha miti

Watu wa mjini huuona Arabuko-Sokoke kama msitu mmoja kwa sababu ukipita na matatu kwenye barabara ya Mombasa unaona ukuta mmoja wa kijani. Ndani ni misitu mitatu. Upande wa mashariki, karibu na barabara, kuna msitu wa mchanganyiko, wenye miti ya kila aina ikiwemo mibambakofi. Katikati kunapita ukanda wa mchanga mweupe wenye mirihi: miti mirefu iliyoachana, mwanga unafika chini, nyasi zinaota, na unaweza kutembea bila kuinama. Upande wa magharibi mchanga unageuka kuwa mwekundu, mwekundu wa kuchafua soksi usitakate tena, na hapo ndipo mfunda unapoanza.

Mfunda, kwa jina la kitaalamu *Cynometra webberi*, ni mti wa majani madogo unaosongamana hadi unakuwa kichaka kimoja kirefu. Umechanganyika na muhuhu na mng'ambo. Ukisimama njiani huoni hatua tano ndani. Sehemu hii ndiyo zaidi ya nusu ya msitu wote, ambao una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na bundi wa Sokoke ndiko anakoishi. Hana shughuli na mirihi ya mchanga mweupe, hata kama inapakana na mifunda.

Bundi wa nyika ni kinyume chake. Anataka nafasi. Mtafute kwenye mirihi, kwenye migunga, kwenye mashamba yenye mikwaju na miembe mikubwa iliyozeeka, ukingoni mwa mto Sabaki, na kote kule kunakoanza ukavu ukielekea Tsavo. Nimemsikia kwenye ua wa nyumba ya kupanga, akilia juu ya mwarobaini, jenereta ya jirani ikiwa inanguruma.

Kwa hiyo kabla hujainua darubini, angalia unapokanyaga. Mchanga mweupe na miti iliyoachana: dhania ni bundi wa nyika. Mchanga mwekundu na kichaka cha mfunda: sasa una sababu ya kutumaini. Palipo mpaka wa aina mbili za msitu, usiamue lolote kwa udongo peke yake, ngoja sauti.

Na kwa nini mfunda? Bundi wa Sokoke anakula wadudu: nyenje, mende wa msituni, panzi na wenzao, na anawawinda humo humo ndani ya msongamano. Kwa kulala mchana anataka kichaka cha kumficha. Kwa kutaga inadhaniwa anategemea matundu ya miti, na kama ni hivyo basi hapo ndipo taabu yake ilipo, kwa sababu miti mikubwa yenye matundu ndiyo hiyo hiyo iliyokatwa miaka nenda miaka rudi. Muhuhu ulikwenda kwa wachonga vinyago. Kule Dakatcha mfunda wenyewe unageuzwa makaa na mashamba ya mananasi. Unaweza kukuta eneo bado ni kijani, mchanga ni mwekundu, lakini limebaki vichaka vifupi vya kiunoni. Huko usipoteze usiku wako.

Hatua ya pili: kibali, mwongozaji na ndovu

Hii nitaipitia haraka. Msitu una wenyewe: unasimamiwa na shirika la misitu la Kenya (KFS) na lile la wanyamapori (KWS), na kituo kilicho rahisi kufika ni cha Gede, kiasi cha kilomita 16 kusini ya Malindi, ambako matatu yoyote ya Mombasa au Watamu itakushusha. Lipia kibali hapo, na hapo hapo uliza mwongozaji. Wako vijana na wazee wa vijiji vya kandokando ambao wamejifunza ndege kwa miaka, na ada unayowapa ni moja ya sababu za msitu huu kubaki umesimama. Mwambie wazi kwamba unataka bundi, maana hiyo ni kazi ya machweo na alfajiri, nayo inahitaji mipango ya ziada. Mifunda iko mbali na lango, kwa hiyo utahitaji gari au pikipiki, au muingie kwa upande wa Jilore.

Usiende peke yako usiku. Sisemi hivyo kwa ajili ya majini. Msitu una ndovu, na ndovu ndani ya kichaka cha mfunda humwoni mpaka uwe umechelewa. Mwongozaji anajua nyayo za leo na za jana.

Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika. Kuna siafu, na baada ya mvua kuna kupe. Paka dawa ya mbu.

Jambo moja la pembeni: ukipanda tuktuk ya kukupeleka Gede jioni, usimweleze dereva unakwenda kutafuta nini. Niliwahi kumwambia wa kwangu naenda kutafuta bundi. Alinyamaza mpaka tunapita kituo cha magari ya Watamu, halafu akaniambia nauli imepanda kwa shilingi mia. "Ya bundi hiyo," akasema. Kwa wengi wetu bundi bado ni nuksi, akilia juu ya paa mtu huanza kuhesabu wagonjwa wa ukoo. Sikubishana naye, nililipa.

Hatua ya tatu: chagua saa

Jua Malindi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Uwe umeshafika kwenye mifunda kabla ya hapo, umesimama, umenyamaza. Nusu saa ya kwanza ya giza ndiyo yenye thamani. Ya pili ni alfajiri, tangu saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, na mimi napenda hii zaidi kwa sababu bundi anayelia karibu na mapambazuko anakuonyesha alipo karibu na kitanda chake. Waongozaji wazuri hufanya hivyo: wanasikiliza mlio wa mwisho, wanakariri mahali, na jua likitoka wanaingia polepole kumtafuta aliyelala.

Upepo ni adui. Msimu wa kusi ukivuma sawasawa, majani ya mfunda yanachakarika mpaka hata mwenzako aliye karibu humsikii. Chagua usiku uliotulia. Mvua ikinyesha, lala.

Hatua ya nne: sikia, na hesabu

Hapa ndipo mambo yanapoamuliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Bundi wa nyika ana mlio mmoja mfupi: *prrrup*. Una mtetemo ndani yake, kama ulimi ukivingirishwa kwenye herufi r. Mfano ulio karibu zaidi ninaoujua ni simu iliyowekwa kwenye mtetemo juu ya meza ya mbao, ikitetemeka mara moja tu na kunyamaza. Kisha kimya. Sekunde tano zinapita, sita, wakati mwingine nane au zaidi. Kisha tena: *prrrup*. Ataendelea hivyo usiku kucha, kwa mwendo ule ule, bila kuchoka na bila kuongeza kitu. Wengi wamemsikia maisha yao yote wakidhani ni nyenje au chura wa mtini, na siwalaumu. Hata mimi nilipokuwa mdogo niliambiwa ni mdudu.

Bundi wa Sokoke hana mtetemo. Analia mfululizo: *guk-guk-guk-guk-guk-guk*, sauti safi, ya juu kiasi, kama mtu anayepuliza mdomo wa kichupa kwa pumzi fupifupi zilizolingana. Kwa kawaida zinakuwa tano mpaka tisa, anapumzika kidogo, anarudia. Mapigo yanalingana kiasi kwamba unaweza kuyafuata kwa kidole kwenye goti kama unayefuata chapuo.

Kwa hiyo fanya hivi. Unaposikia chochote, usiseme, usiwashe tochi. Inua vidole na uhesabu. Ukihesabu moja kisha ukangoja mpaka ukahisi amenyamaza, kumbe akarudi na moja tena, huyo ni bundi wa nyika. Ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano bila nafasi ya kuvuta pumzi, huyo ni wa Sokoke. Hesabu raundi tatu kabla ya kuamua. Kwa nini tatu? Kwa sababu bundi wa Sokoke akiwa mbali, upepo hula mapigo ya mwanzo na unaweza kusikia mawili tu. Na bundi wa nyika wawili wakijibizana, mmoja kulia mmoja kushoto, masikio yako yanaweza kuwaunganisha ukadhani ni mfululizo. Ukishuku, geuza kichwa taratibu; milio ikitoka pande mbili, ni ndege wawili.

Kuna wengine watakaokuchanganya. Komba hulia kwa ukali zaidi, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, na hawezi kushika mapigo. Yule ndege wa usiku anayelala chini barabarani na macho yake kung'aa mbele ya taa za gari ana wimbo wa kupandisha na kuteremsha, si pigo moja. Na ukisikia guk-guk hiyo hiyo saa nne asubuhi jua likiwaka, usifurahi: kuna ndege wadogo wa mchana wanaogonga hivyo kileleni mwa miti, mithili ya mfua bati.

Mazoezi mazuri huanzia nyumbani. Bundi wa nyika yuko karibu nawe, mtaani au shambani kwa jamaa zako wa Kakuyuni. Msikilize usiku tatu nne mpaka sikio limzoee kabisa. Ukishamjua huyu wa kawaida, yule wa nadra atajitambulisha mwenyewe, kwa sababu utasikia kitu ambacho si yeye.

Hatua ya tano: macho, lakini kwa tahadhari

Mtego mkubwa ni rangi. Bundi wa Sokoke huja kwa rangi tatu: kijivu, kahawia iliyoiva, na nyekundu ya kutu, inayofanana na udongo wa kwao. Mume na mke wanaweza kuwa wa rangi tofauti, wamekaa bega kwa bega. Bundi wa nyika mara nyingi ni wa kijivu, lakini wapo wa kahawia na wachache wa kutu pia. Maana yake ukijiambia "ni mwekundu, kwa hiyo ni wa Sokoke", umekosea njia. Na ukijiambia "ni wa kijivu, kwa hiyo si yeye", umekosea vilevile. Rangi weka kando kabisa.

Tazama vitu hivi badala yake.

Kifua. Bundi wa nyika ana michirizi myeusi inayoteremka wima, imekolea kana kwamba imechorwa kwa penseli ya fundi seremala, na katikati yake kuna vijistari vyembamba vya kukingama. Ukimwangalia kwa mbali ni gome la mkwaju. Wa Sokoke kifuani ana vidoa na vijichoro vidogovidogo, vimetawanyika. Michirizi yake haina nguvu ile. Kichwani ana nukta nyeupe ndogo, kama amenyunyiziwa chokaa.

Uso. Kwa bundi wa nyika, uso umezungushiwa mstari mweusi pembeni, unaonekana wazi kama ukingo wa kisahani. Kwa mwenzake mstari huo ni hafifu. Vishungi vya bundi wa nyika vikisimama vinakuwa virefu. Vya wa Sokoke ni vifupi zaidi.

Mwili. Wa Sokoke ni mwepesi, karibu gramu 50, uzito wa yai moja la kuku. Bundi wa nyika mara nyingi humzidi. Lakini nani atampima? Tofauti hii ni ya kujua, si ya kutumia.

Namna ya kukaa ndiyo ninayoiamini kuliko manyoya. Mchana bundi wa nyika hujibana kwenye shina, anajinyoosha mwembamba, anasimamisha vishungi na kufumba macho mpaka yabaki mistari miwili, akawa kipande cha tawi lililovunjika. Bundi wa Sokoke huingia ndani ya kichaka na kukaa chini, mara nyingi kimo cha mtu au pungufu, kwenye kijiti chembamba kati ya majani, na mara nyingi wako wawili.

Mara ya kwanza kuwaona mchana nilipita mbele yao hatua tatu nisiwaone. Mzee alinishika shati kwa nyuma akanirudisha, akanikalisha chini, akanielekeza kwa kidevu. Niliona majani makavu ya mfunda. Nikaangalia tena. Moja ya yale majani lilikuwa linapumua. Mmoja alikuwa wa kijivu, mwingine wa rangi ya kutu, wamegusana ubavu kwenye kijiti kisichozidi unene wa kidole changu. Yule wa kijivu alifumbua jicho moja, ufa mdogo tu wa manjano, akaniangalia, akafumba. Wa kutu hakujisumbua. Sisimizi alitambaa juu ya kijiti mpaka akafika kwenye kucha zake, akazizunguka, akaendelea na safari. Tulikaa dakika mbili, kisha mzee akanigusa goti, tukatoka kinyumenyume.

Neno moja zaidi kuhusu macho. Miezi ya kaskazi, kuna bundi mwingine mdogo wa jenasi hii hii anayekuja Kenya akikimbia baridi ya Ulaya na Asia, *Otus scops*. Amefanana na bundi wa nyika hata kwa muda mrefu wataalamu waliwahesabu kuwa spishi moja. Akiwa huku kwa kawaida halii. Ukimwona bundi mdogo aliye kimya mwezi wa Desemba, hiyo ni sababu nyingine ya kutoamua kwa picha.

Hatua ya sita: adabu

Siku hizi kila mtu ana sauti ya bundi simuni. Unaicheza, bundi anakuja, unapiga picha, unaondoka. Kwako ni dakika tano. Kwake ni mgeni aliyeingia kwake kwa kelele: anaacha kuwinda, anaacha alichokuwa akikilinda, anakuja kupigana na ndege asiyekuwepo. Fikiria sasa magari matatu kwa wiki, sehemu ile ile, kwa ndege ambaye hana kwingine pa kwenda. Mimi siku hizi sichezi kabisa, nangoja. Kama mwongozaji ataona inafaa, acheze kwa sauti ya chini, mara moja au mbili, na bundi akijibu tu, simu mfukoni.

Tochi ifunike kwa kitambaa au karatasi nyekundu, na usimmulike usoni. Mulika pembeni yake, mwanga wa kando unatosha. Picha ya mwako usiku ni mwiko kwangu. Usikate kijiti kinachozuia picha, kwa sababu kijiti hicho ndicho mlango wake. Na ukimpata aliyelala, usiweke mahali pake halisi mtandaoni. "Arabuko-Sokoke" inatosha.

Mwenye kuchagua umbali ni mwongozaji. Akisema basi, ni basi, hata kama umesafiri kutoka Nairobi.

Hatua ya saba: andika ukiwa bado msituni

Kumbukumbu hupamba. Ukifika nyumbani, mlio mmoja umekuwa mitano. Andika pale pale, hata kwa maneno ya mkato: tarehe, saa, rangi ya mchanga, mti mkubwa ulio karibu, idadi ya mapigo kwa kila raundi, sekunde kati ya raundi na raundi, upepo, mbalamwezi. Rekodi sauti kwa simu hata kama ni mbaya. Sauti mbaya yenye mapigo yanayohesabika ina faida kuliko picha nzuri ya ndege aliyenyamaza. Kama unatuma taarifa zako kwenye miradi ya ramani ya ndege, hayo ndiyo yatakayomwezesha mwingine kukubaliana nawe au kukukosoa.

Kama hukusikia sauti, na uliposimama ni mpakani mwa mirihi na mifunda, andika "bundi mdogo" na uache hapo. Si aibu. Nina kurasa tatu za "bundi mdogo".

Ile picha yangu ya mwanzo bado ninayo, nimebadilisha maelezo tu: *Otus senegalensis*, mrihi, mchanga mweupe, saa tatu asubuhi, hakulia.